Jina Nililolitaja Mtoni

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama mlangoni kwangu Ibighi, nywele zinadondosha maji ya mto, mgongo mtupu. Mama mkwe alikuwa amenifungua mbeleko kwa mikono yake mwenyewe, akamchukua mwanangu, akapanda bodaboda kurudi Kisiba. Sikumvuta mkono. Mke wa mtoto hagombanii kitu na mama mkwe wake, hata kitu chenyewe kikiwa kinalia kinamwita.

Kwa anayeanza leo: naitwa Tupokigwe, mama Anyosisye. Mume wangu ni Lugano, fundi wa kuchomelea mageti pale Bulyaga. Mwanangu ana mwaka na kidogo, bado ananyonya. Shule niliiacha njiani nikaja kuimalizia kwa madarasa ya jioni, kwa hiyo mkiona nimekosea mahali, nisameheni. Kalamu hii nimeipata ukubwani.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilitaja jina la baba mkwe.

Mtu wa mbali atacheka. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hapiti anapopita yeye, na jina lake halimtoki mdomoni. Siku hizi mjini wengi wamelegeza, wengine wanapigiana hata simu. Ukoo wa mume wangu haujalegeza hata uzi. Tangu niolewe, baba mkwe namjua kwa kikohozi tu. Nikikisikia njiani naingia migombani, najifunika kanga, nasubiri apite.

Na jina lake, kwa bahati yangu mbaya, limo kwenye Injili. Ni la yule mkuu wa sinagogi aliyemwangukia Yesu miguuni kwa sababu binti yake alikuwa anakufa. Mwenye Biblia atalipata. Mimi sitaliandika.

Siku ya ubatizo wangu, Mchungaji Ackson alinipa sehemu hiyohiyo niisome kwenye kipaza sauti kabla sijashuka majini. Nikasoma "mkuu wa sinagogi", nikaruka jina.

"Dada, umeruka neno."

Nikasoma tena. Nikaruka tena. Watu wakaanza kucheka.

"Anayeogopa jina la mwanadamu hajawa tayari kuzaliwa mara ya pili," akasema, na kipaza sauti kinasikia. "Unataka kuzaliwa au hutaki?"

Nilitaka. Ndugu zangu, sijawahi kutaka kitu namna ile. Nikalitaja. Spika zikalibeba mpaka ng'ambo ya mto, na kabla nywele zangu hazijakauka habari ilikuwa imeshapanda pikipiki ikanitangulia nyumbani.

Hapo ndipo tulipofikia.

*

Kesho yake nilimtuma Lugano Kisiba akamrudishe mtoto. Alirudi amelowa, mikono mitupu.

"Yuko wapi?"

"Amelala. Nimemwacha amelala."

"Sikukuuliza kama amelala."

Akakaa kwenye kigoda akaanza kuvua mabuti, taratibu, kama mtu anayetaka mabuti yasiishe kuvuliwa.

"Mama anasema baba amekasirika sana. Anasema mtoto wa ukoo hatanyonya ziwa la mwanamke aliyemvua nguo baba mkwe wake mbele za watu."

"Baba mwenyewe umemwona?"

"Mlango ulikuwa umefungwa. Mama amekataza asisumbuliwe. Kifua kimembana tangu siku ile."

"Siku ipi?"

Akatazama buti alilolishika.

"Siku ya mto."

 Kumbe neno langu limemlaza mzee kitandani.

"Wanataka nini?"

"Uende na kuku. Upige magoti nyuma ya nyumba, uombe radhi kwa jina. Halafu Jumapili usimame kanisani kwetu, kanisa la wazee, useme umebatizwa mara moja tu, ulipokuwa mchanga, na yale ya mtoni yalikuwa maji tu."

"Kuomba radhi nitaomba hata sasa hivi. Hilo la pili..."

"Tupo, ni maneno."

"Na nililotaja mtoni lilikuwa nini? Si neno pia? Mbona limenitoa mtoto mgongoni?"

 Lugano si mtu mbaya, msimchukie. Aliniangalia kwa macho yaleyale aliyonichumbia nayo.

"Mke wangu, mimi nachomelea vyuma. Chuma na chuma najua kuviunganisha. Wewe na mama, siwezi."

Jioni ile kifua kilinijaa mpaka nguo ikalowa. Nikakamua maziwa kwenye kikombe, nikatoka nje nikayamwaga kwenye shina la mgomba. Sikuona mahali pengine pa kuyapeleka. Ardhi ikayanywa bila hata kushukuru.

*

Nikaenda kwa mchungaji. Yeye ndiye aliyenishika mkono kuingia majini. Nani mwingine angenishika mkono kutoka?

Nilimkuta sebuleni. Mke wake, mama mchungaji Beatrice, alikuwa jikoni, pazia tu katikati.

"Usiende kupiga magoti," akasema Mchungaji Ackson kabla sijamaliza. "Wewe ni kiumbe kipya. Ya kale yamepita. Ingia kwa mlango wa mbele, mtazame yule mzee usoni, umwambie: nimemfuata mwanangu."

"Kwa mlango wa mbele, mchungaji?"

"Wa mbele! Mwiko haumfungi mtu aliyezaliwa mara ya pili."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Labda ni maumivu ya kifua.

"Mchungaji, samahani. Mama mchungaji huwa anamwita baba yako kwa jina?"

 Halafu nyuma ya pazia mtu akapasuka kicheko.

"Mimi?" sauti ya mama mchungaji. "We Tupo! Mwaka jana baba mkwe wangu alikuja hapa kututembelea. Nililala kwa jirani mpaka alipoondoka. Chakula nilipitishia dirishani."

"Beatrice," akasema mchungaji.

"Si umeulizwa? Mwambie."

Mchungaji Ackson akajikuna shingo. Nilimwonea huruma, ni kijana tu, amevaa koti la mtu mwenye mabega mapana kuliko yake.

"Ile ni heshima," akasema.

"Na yangu ilikuwa nini?"

"Yako ilikuwa... ushuhuda."

Nikaaga. Mama mchungaji alinifuata mpaka getini, mikono ina unga, akanishika viganja vyote viwili.

"Nilitaka kumzuia siku ile, nikanyamaza. Mdogo wangu, usiende kwa mlango wa mbele. Lakini na lile la maji usilikane."

"Sasa niende kwa mlango gani, dada?"

 Hata yeye hakujua.

*

Mniruhusu niseme kwa nini lile neno dogo, maji tu, lilikuwa halinitoki mdomoni.

Kabla ya Anyosisye nilizika mtoto. Aliishi mpaka akajua kucheka, kisha homa ikamchukua. Watu hawakusema kitu mbele yangu, lakini nikifika kisimani mazungumzo yalikatika. Nikaacha kuimba. Mimi, niliyekuwa nikiimba hata nikimenya ndizi, nikawa bubu. Alipozaliwa Anyosisye nilimbembeleza kwa kumtikisa, wimbo haukutoka.

Mtoni, niliposhushwa chini ya maji yale ya baridi, niliogopa. Kisha nikatoka, na kabla sijafuta macho nikajisikia naimba. Sikuanzisha mimi. Mtoto mchanga naye hapangi kulia. Anatoka analia, ndivyo watu wanajua yu hai.

Hicho ndicho nilichotakiwa niseme ni maji tu.

*

Nikaenda Kisiba na kuku kwapani. Mvua ilikuwa ya manyunyu, ile yetu ya Rungwe isiyoanza wala kuisha. Nikashukia mbali, nikapita kwa nyuma, migombani, kanga kichwani, kama mke wa mtoto anavyotakiwa.

Wifi yangu Sekela alikuwa kwenye kibaraza cha jikoni anamenya ndizi. Aliponiona hakusimama.

"Karibu, marehemu."

"Wifi, nimekuja kwa amani."

"Nimesema karibu. Si ulisema mwenyewe mtoni? Tupokigwe wa zamani amekufa, amezikwa majini. Sisi huku tulikuwa tunabishana nani atoe ng'ombe wa msiba." Akamtazama kuku. "Kumbe marehemu amekuja na mboga yake. Ukoo wenu mna adabu hata mkifa."

Ningecheka siku nyingine. Sekela ana mdomo, lakini ndiye aliyenikanda mgongo nilipokuwa na uchungu wa Anyosisye.

"Wifi, anakula?"

Akaacha kumenya.

"Anakunywa maziwa ya ng'ombe kwa kijiko," akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Mengine anatema."

Mama mkwe akatokea pembeni ya nyumba. Mwanangu alikuwa mgongoni kwake. Akaniona. Akanyoosha mikono yote miwili nje ya mbeleko.

"Ma! Ma!"

Mama mkwe akajigeuza, mtoto akabaki anatazama migomba. Nikapiga magoti palepale kwenye tope.

"Mugonile, mama."

"Ndaga." Aliitikia salamu kwa ufupi. Macho yake yalikuwa mekundu, hakulala. "Unadhani nafurahi? Huyu ananitafuta kifuani, na mimi kifua changu ni ngozi tupu."

"Nipe basi nimnyonyeshe, mama. Hata kama utanifukuza baadaye."

"Nisikilize kwanza. Nilipoolewa hapa, nilikaa mpaka mvi zikaniota sijauona uso wa baba mkwe wangu. Nilikuja kuuona siku ya kumzika, na ulikuwa umefunikwa nusu. Sikupungukiwa kitu. Hii nyumba imesimama kwa sababu watu wanaogopana vizuri. Wewe umekwenda shule ya jioni, umerudi na mdomo wa kipaza sauti."

"Nimekosa kwa jina, mama. Naomba radhi. Lilinitoka mbele za watu, na mbele za watu naomba radhi."

Nikamsogeza kuku mbele. Sekela akanyanyuka akampokea. Mama mkwe akatikisa kichwa, na nikaona bega lake moja linalegea.

"La jina limekwisha," akasema. "Na maji?"

Nikamtazama mwanangu mgongoni kwake.

"Sema tu, mwanangu. Mimi sikulazimishi uamini. Sema, kesho kutwa ukaseme kanisani, uende na mtoto wako nyumbani. Yalikuwa nini?"

Anyosisye alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anahema kwa kwikwi, ile inayobaki mtoto akishachoka. Maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, yakashuka mpaka tumboni.

Wasomaji wangu, ninyi mnanijua kwa wiki zote hizi. Sitawaficha. Niliamua kusema uongo. Nilijiambia: Mungu aliyenizaa anajua nina mtoto. 

"Mama, yale yalikuwa..."

"Asiseme."

Sauti ilitoka ukutani.

Kwenye ukuta ule wa nyuma kuna dirisha la mbao, limefungwa daima tangu nifike ukoo huu. Baada ya sauti kikaja kikohozi. Kile ninachokijua.

Nikajifunika kanga uso mzima, nikajikunja mpaka paji la uso likagusa matope. Baba mkwe alikuwa hatua chache kutoka kwangu, mbao tu katikati, na alikuwa amesema nikisikia.

"Mzee, lala," akasema mama mkwe, ametahayari. "Una homa."

"Mwambie huyo mtoto asiseme neno hilo."

Ndizo taratibu zetu. Hata nikisikia, sijasikia mpaka mtu wa katikati aniletee. Mama mkwe akanigeukia.

"Anasema usiseme."

"Muulize. Nani amemchukua mwanawe?"

Hilo mama mkwe hakulileta. Nilisikia kuku anapapatika mikononi mwa Sekela.

"Mama Lugano! Nimesema muulize."

"Anauliza nani amemchukua mtoto," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, bila kunitazama.

"Mwambie baba," nikasema ndani ya kanga, "nimeambiwa ni yeye."

 Nyuma ya ukuta kitanda kikalia, mtu anajigeuza.

"Mimi? Mimi nimeambiwa mtoto ameletwa aniangalie kwa kuwa naumwa. Nimefurahi kuwa naye; nikimsikia analia nadhani ni meno."

Nikainua kanga kidogo, nimtazame mama mkwe. Alikuwa amesimama na midomo imebana, mkono nyuma unapigapiga matako ya mwanangu, taratibu, kama hakusikia. Lakini machozi yalikuwa yanamtoka.

"Nilikuwa nakulinda, mzee," akasema. "Umetukanwa hadharani ukalala kitandani tangu siku hiyohiyo. Ningefanyaje?"

"Sikulala kwa sababu ya kutukanwa. Nililala kwa sababu ya mvua."

"Mvua ipi? Hukwenda mbali siku ile. Ulisema unakwenda kuangalia maji ya ng'ombe."

"Nilikwenda mtoni."

Hata kuku alinyamaza mikononi mwa Sekela.

"Nilisimama kwenye matete, nimejifunika blanketi asinione. Mvua yote ile ikaishia mwilini mwangu."

"Tata!" Sekela akasema. "Ulifuata nini huko?"

"Nilisikia mke wa mwanangu anakwenda kuzaliwa. Kwako akizaliwa mtoto, huendi kuona?"

Sikujua kama kinacholowesha kanga yangu ni mvua.

Akakohoa, muda mrefu. Alipopata pumzi akaendelea, na sasa hakusema "mwambie". Alisema tu, kila mtu asikie.

"Watu wanasema nimetukanwa. Mimi sikutukanwa, niliitwa. Nimekaa kanisani tangu nabebwa mgongoni. Nimekuwa mzee wa kanisa. Nimepitisha sadaka, nimefungua vikao, nimezika watu. Hakuna siku nilisikia naitwa. Siku ile jina langu likatoka mtoni, kwa sauti ya mtu asiyeruhusiwa kuniita. Miguu ikataka kwenda. Nikaizuia, kwa sababu mkwe hamwoni mkwe. Nikabaki kwenye matete kama mwizi."

"Mzee, homa hiyo inasema," mama mkwe akanong'ona.

"Muulize. Mtu mzima kama mimi anazaliwaje? Anaanzia wapi?"

Mama mkwe hakulileta.

"Sekela, muulize wewe."

Sekela akanitazama. Mzaha wote ulikuwa umemwisha usoni.

"Wifi, anauliza anaanzia wapi."

Madarasa ya jioni yalinifundisha mengi. Kugawanya sehemu, kuandika barua, mito ya Tanzania. Hilo hatukufika.

"Mwambie baba, mimi sijui. Mimi mwenyewe bado mchanga."

Nyuma ya mbao mzee akacheka, kicheko kikaisha kwenye kikohozi.

"Basi aniite tena. Aingie humu ndani, anisomee palepale, na jina langu asiliruke. Nisije nikaondoka nimesimama mateteni."

*

Nilinyanyuka. Sikuwa nimeamua kwenda popote, magoti yenyewe yalinyanyuka.

Mama mkwe akaziba njia. Hakupiga kelele; angepiga, ningemwogopa kidogo.

"Tupo, nisikilize. Ukivuka mlango huo, ukamtazama amelala kitandani, laana haitakuwa yako peke yako. Itakuwa ya huyu." Akakaza mbeleko, mwanangu akaguna. "Nitampeleka kwa dada yangu Kyela. Na Lugano hatakwambia ni nyumba ipi, kwa sababu sitamwambia."

"Mama, baba mwenyewe amesema sikukosa!"

"Baba ana homa. Mwenye homa hasikilizwi, anafunikwa."

"Mama, naomba..."

"Ulikuwa umebakiza neno moja umchukue mtoto. Lipo bado. Lisemee hapahapa, tuondoke wote tukale. Yalikuwa maji tu. Ama ingia humo. Viwili huwezi."

Nikamtazama Sekela. Akatazama ndizi.

Nikisema maji tu, napata mwanangu, na mzee anasikia kupitia mbao kwamba hakuna aliyemwita. Lilikuwa jina tu, kwenye maji tu. Nikiingia, nampoteza mtoto kwa ajili ya mtu ambaye uso wake siujui. Niliomba kimoyomoyo. Sikujibiwa. Mvua iliendelea kudondoka kwenye majani ya migomba, basi.

"Tupokigwe."

Mama mkwe akashika mdomo. Sekela akasema, "Ee Kyala, Mungu wangu."

Maana na yeye hapaswi. Baba mkwe hamwiti mke wa mtoto kwa jina lake. Tangu niolewe mimi nilikuwa "yule", kisha "mama wa mtoto". Na sasa alinitaja, kwa sauti ya chini iliyochoka, kama mtu anayevua kofia.

"Tupokigwe. Baba yako alipokupa jina hilo alisema tumeokolewa. Hakusema wewe peke yako. Niite."

Mama mkwe hakusubiri zaidi. Akageuka, akashika njia ya migombani inayoelekea barabarani, upande wa Kyela na ziwa. Alikuwa anakwenda upesi kuliko nilivyodhani mwili wake unaweza. Mwanangu aligeuza shingo, akaniona nabaki, akanyoosha mkono mmoja. Jani la mgomba likafunga kati yetu.

"Mama!" nikaita. "Mama, subiri!"

Ningeweza kumkimbilia. Nina miguu michanga. Lakini nikimfikia nifanye nini? Nimshike mama wa mume wangu shingoni? Nimpokonye mtoto kwenye tope, tumvute huku na huku? Ulimwenguni kulikuwa na sauti moja tu ya kumsimamisha yule mama, na sauti hiyo ilikuwa nyuma ya mbao, nayo inasubiri kuitwa.

Nikasogea ukutani. Nikaweka kiganja kwenye dirisha. Mbao zilikuwa na joto, au mkono wangu ndio ulikuwa wa baridi.

"Wifi, usifanye," Sekela akasema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa: "Fanya haraka."

Nikaliita.

"Jairo."

Basi, nimeliandika. Siwezi kulifuta.

"Baba Jairo, mwambie mama arudi na mtoto. Nami nitakusomea lote, sitaruka."

 Hakukohoa. Sikusikia kitanda. Nikaita mara ya pili, kwa nguvu, na katikati ya wito sauti yangu ikapanda juu yenyewe, kama siku ile nilipotoka majini. Sekela alikuwa amesimama kando yangu, kuku amemponyoka, ameshika ukingo wa kanga yangu kama mtoto. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile hakukuwa na mtu mwingine ila mzee.

Upande wa ziwa kilio cha Anyosisye kilikuwa kinakuwa chembamba, chembamba.

Ndipo komeo la dirisha likasogea.

Ubao ukaanza kufunguka, kidogo kidogo, unasukumwa na mkono usio na nguvu. Sekela akafumba macho. Nikaona kwanza giza la chumba, kisha vidole vya mzee kwenye mbao, na mimi nimesimama palepale, kanga imeniangukia mabegani, sijui bado nifunike uso wangu au niutazame wake.